Citaro nzima, ya nusu, ya kiungo au ya umeme: ipi kwa njia ipi

Kwenye mlango wa basi la mjini la Mercedes-Benz Citaro, sakafu iko takriban sentimita 32 juu ya lami. Mtu aliyezoea basi lililoundwa juu ya chesisi ya lori, ambako hushika bomba na kujivuta ngazi mbili au tatu, hapa huinua mguu mara moja akawa ndani. Ndiyo maana miji mingi imelinunua tangu lilipoingia sokoni mwaka 1997 kuchukua nafasi ya basi la O 405 N la kampuni hiyohiyo. Lakini jina hilo moja limebandikwa kwenye magari yenye tabia tofauti kabisa, na kampuni inayokosea kuchagua hulipia kosa hilo kwa zaidi ya miaka kumi, kila siku, kwenye kila kituo.

Hapa tunalinganisha Citaro ya mita 12 yenye sakafu ya chini kote, Citaro LE ambayo sakafu yake ni ya chini nusu tu, Citaro G ya mita 18 yenye kiungo katikati, na eCitaro ya umeme. Tunaongeza mabasi mawili yasiyo ya ukoo huo kwa sababu ndiyo yanayoshindana nalo kweli: Scania K230UB la Singapore, na mabasi ya sakafu ya juu ya mwendokasi wa Dar es Salaam. Kwa ufupi wa maneno, basi lenye sakafu ya chini toka mbele hadi nyuma tutaliita "nzima", na lile linaloishia na sakafu ya chini mlango wa kati tutaliita "nusu".

Nzima au nusu

Tofauti yote imelala kwenye ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Tairi la Citaro ni 275/70 R22.5, kipenyo chake karibu sentimita 96, kwa hiyo kitovu cha gurudumu kiko kama sentimita 47 kutoka chini. Ekseli ya kawaida hupita palepale kwenye kitovu na difu lake, kasha la giya linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hutokeza juu zaidi. Sakafu isiyofika hata sentimita 40 haiwezi kupita juu ya kitu hicho. Kwa hiyo nzima hutumia ekseli ya kampuni ya ZF ya Ujerumani, AV 132 na baadaye AV 133, ambayo shafti zake zimeshushwa zikapita chini ya kitovu. Mwisho wa kila shafti kuna kasha la giya linalopandisha mzunguko hadi kwenye gurudumu, na difu limesukumwa pembeni ili njia ya abiria ipite katikati bila kidato.

Fundi anayeijua ekseli ya lori pekee ataona hapa kazi ambayo hajaizoea. Badala ya sehemu moja ya kuangalia oili kuna tatu: difu, kasha la kulia na kasha la kushoto. Kila kasha lina sili zake, na sili ikianza kuvuja oili hutambaa hadi kwenye breki ya upande huo. Dalili ya kwanza mara nyingi si sauti. Ni basi linalovuta upande mmoja dereva akikanyaga breki, au harufu ya oili iliyoungua baada ya mteremko mrefu. Sauti ya mvumo inayobadilika dereva anapoachia mafuta huja baadaye, na ikifika hapo meno yameshaanza kuliwa. Gereji iangalie makasha yote mawili kwa mkono na tochi kila gari linapoingia shimoni, pasipo kusubiri zamu ya kubadilisha oili.

Nusu haina habari hiyo. Citaro LE ina ekseli ya kawaida, ya aina ileile ambayo mafundi wa mabasi ya masafa wanaifungua wamefumba macho. Injini ya nyuma ina nafasi ya kupumua, na spea ni za kawaida zaidi. Baada ya mlango wa kati sakafu hupanda vidato viwili, na huko nyuma viti hupangwa juu ya sakafu iliyonyooka kama kwenye basi la safari ndefu. Kwenye nzima, viti vingi vya nyuma hulazimika kukaa juu ya maboksi ya magurudumu na ya injini, kwa hiyo mzee anaingia bila ngazi halafu anakuta kiti chenyewe kiko juu ya kibaraza.

Kwa nini basi mtu alipie nzima? Kwa sababu ya mlango wa tatu. Nyuma ya ekseli, nzima inaweza kuwa na mlango mwingine wenye urefu uleule kutoka lami, na abiria wa nyuma hushuka bila kupigana kwenda katikati. Nusu haiwezi. Fanya hesabu kwa njia yako: njia yenye vituo 40, kila kituo kikipungua sekunde 5, ni sekunde 200 kwa safari, zaidi ya dakika tatu. Gari likipiga safari nane kwa siku, hiyo ni dakika 26 na ushei, karibu nusu saa ya basi na dereva. Lakini kama wengi wa abiria wako hupanda mwanzo wa njia na kushuka mwisho, sekunde hizo hazipo na kwa mlango wa tatu utakuwa umenunua kitu cha kupitisha vumbi.

Kuna jambo la pili linalosahaulika. Kwenye nusu, abiria hujazana mbele. Mtu akishaingia kwenye sakafu tambarare haoni sababu ya kupanda vidato kwenda nyuma kwa vituo vitatu tu, basi hubaki limejaa milangoni huku nyuma kuna viti vitupu. Na anayepanda vile vidato wakati basi linaondoka, akiwa na mzigo mkono mmoja, ndiye anayeanguka. Ukichagua nusu, vidato vipakwe rangi ya njano ukingoni, viwekewe taa, na bomba la kushika liwe pande zote mbili, lisikatike palepale sakafu inapopanda.

Hukumu yetu: mjini kwenye vituo vya karibu karibu, nzima. Kwa njia zinazotoka mjini kwenda vitongojini, kilomita 20 na zaidi, ambako watu wanataka kiti, nusu ni chaguo bora na wala si la kinyonge.

Singapore, ambako zote mbili zimefanya kazi pamoja

Mahali pazuri pa kuona tofauti hii ni Singapore. Kampuni ya SBS Transit ilinunua zaidi ya mabasi 1,000 ya Scania K230UB, chesisi ya Sweden yenye nguvu farasi 230 na bodi iliyoundwa na Gemilang ya Malaysia. Hilo ni nusu. Kuanzia 2011 kampuni hiyohiyo ikaingiza Citaro kwa mamia, nzima, iliyoundwa yote na Mercedes. Hali ya hewa ni ileile ya joto na unyevu mwaka mzima, kiyoyozi hakizimwi, na basi linategemewa kufanya kazi miaka 17 kabla ya kuondolewa.

Somo la kwanza kwa mnunuzi ni la bodi. Ukinunua chesisi na bodi kwa wawili tofauti, kama ilivyokuwa kwa Scania, unaweza kuagiza bodi jirani, kioo kikivunjika hakisubiri meli kutoka Ulaya, na paneli ya ubavu inaweza kukatwa na kukunjwa kwenye karakana ya kawaida. Citaro ni gari la kipande kimoja: chesisi na bodi ni fremu moja. Mercedes huitumbukiza fremu nzima kwenye rangi ya kuzuia kutu kwa njia ya umeme, ikaingia hadi ndani ya mabomba, na hiyo ni kinga ambayo mjenga bodi mdogo hawezi kuifikia. Lakini ajali ikikunja fremu, fundi wa kuchomelea asiye na vipimo vya kiwanda ataiharibu kinga hiyo palepale alipochomelea, na kutu itaanzia hapo.

Somo la pili ni kwamba mabasi mengi ya huko, Scania kwa Citaro, yana milango miwili tu: kupanda mbele, kushuka katikati. Kwa mpangilio huo Citaro haitumii silaha yake kubwa. Inabaki na sakafu tambarare pekee, ambayo ni nzuri, lakini bei yake inakuwa ngumu zaidi kuitetea mbele ya mhasibu.

Sentimita zilizobaki ziko kwenye kituo

Hakuna basi la sakafu ya chini lisilohitaji ukingo wa kituo ulio sawa. Huko Kassel, Ujerumani, walibuni jiwe maalumu la ukingo kwa ajili ya mabasi haya. Uso wake umepinda kwa ndani, tairi linausugua na kuongozwa badala ya kukatwa ubavu. Kimo chake hutofautiana. Chukua cha sentimita 18. Mlango wa Citaro uko sentimita 32, kwa hiyo hatua iliyobaki ni sentimita 14. Dereva akibonyeza kitufe cha kuinamisha, upepo hutoka kwenye mabegi ya springi za upande wa mlango na basi hushuka sentimita 6 au 7 zaidi. Abiria anabakiwa na hatua ya sentimita 7 au 8, upana wa kiganja. Kiti cha magurudumu chenye msukumaji mmoja kinapita, gari la mtoto linapita bila kuinuliwa.

Sasa ondoa ukingo. Basi lilelile likisimama mita moja kutoka kando ya barabara, abiria anashuka kwenye lami kwanza, halafu anapanda ukingo, halafu anarudia hivyo kituo kijacho. Rampu nayo inabadilika tabia. Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia ujenzi wa mabasi, inataka mteremko wa rampu usizidi asilimia 12 ikilazwa juu ya ukingo wa milimita 150, lakini inakubali hadi asilimia 36 ikilazwa chini kabisa. Asilimia 36 ni mlima. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuupanda kwa mikono yake mwenyewe, na anayemsukuma anahitaji kifua. Kwa hiyo manispaa isiyojenga vituo imenunua nusu ya basi hata kama risiti imeandikwa nzima.

Kuhusu rampu zenyewe, chagua ya kukunjua kwa mkono. Ni bamba lenye bawaba kwenye mlango wa kati, dereva anashuka, anaingiza kulabu kwenye tundu, anaigeuza nje, sekunde 20 imekwisha. Rampu ya umeme inayotoka chini ya sakafu inampa dereva raha ya kubaki kwenye usukani, lakini inakaa palepale matope na changarawe yanaporukia. Ikikwama nje, basi haliwezi kuondoka. Ikikwama ndani, abiria haingii. Kwenye barabara za vumbi ile ya mkono ni bora bila mjadala. Kagua bawaba zake kila wiki na umwage maji kwenye mfereji wake, maana mchanga ukikaa hapo bamba halilali sawa na ncha inageuka kikwazo cha kukwaa.

Jambo moja dogo la kuangalia kabla ya kujenga ukingo mrefu: mlango wa aina gani umeagiza? Mlango unaofunguka kwa ndani hauna shida. Unaofunguka kwa nje, basi likiinama kwenye ukingo wa sentimita 22 au 24, sehemu ya chini ya mlango itasugua jiwe. Pima kabla ya kumwaga zege.

Mita 18

Citaro G ina injini mkiani, na ekseli inayoendeshwa ni ya tatu. Maana yake sehemu ya nyuma inaisukuma ya mbele kupitia kiungo, na kiungo hicho kina vizuizi vya haidroliki vinavyozuia mkia usipite mbele ya kichwa barabara ikiteleza. Kwa urefu huo unabeba kama abiria 140 hadi 150 kwa dereva mmoja, mara moja na nusu ya basi la mita 12. Kuna kubwa zaidi, CapaCity L ya mita 21 na ekseli nne, ambayo kiwanda kinaihesabia hadi abiria 191.

London ndiyo iliyolijaribu basi hili kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwaka 2002 liliingia kwenye njia za 507 na 521, zinazounganisha stesheni kubwa za treni, na baadaye njia nyingine ndefu. Watu walipandia milango yote mitatu wakiwa na kadi au tiketi mkononi, na foleni vituoni zikayeyuka. Palepale ndipo zilipoanza lawama, kwa sababu mlango wa nyuma hauna anayekagua. Kati ya Desemba 2003 na Machi 2004 mabasi matatu yaliungua, yote yakasimamishwa kwa muda ili yarekebishwe. Kona za katikati ya jiji ziliwaudhi waendesha baiskeli. Basi la mwisho la aina hiyo liliondoka Desemba 2011. Mengine yakapelekwa Malta mwaka huohuo wa 2011, kwenye joto kali na mitaa myembamba, nako yakaondolewa Agosti 2013 baada ya kuungua kadhaa.

Haya hayamaanishi basi la kiungo ni baya. Ujerumani nzima inalitumia kila siku. Yanaonyesha mambo matatu ya kujibu kabla ya kulipa. Kwanza, nani atakagua nauli kwenye mlango wa pili na wa tatu? Kama jibu ni kondakta mmoja aliyebanwa katikati ya watu 140, mapato yatavuja. Pili, depo yako inapitika kwa kuingia upande mmoja na kutokea mwingine? Kurudisha nyuma basi la kusukumwa kwenye kiungo ni kazi ya mtu mzoefu, na kiungo kikipita pembe yake mfumo hukataa na kufunga breki. Kama shimo lako la ukaguzi ni la mita 13, utakagua nusu ya basi halafu ulivute kukagua nusu nyingine. Tatu, nani anasafisha chumba cha injini?

Hili la tatu linastahili kukaa nalo kidogo. Kwenye mabasi ya sakafu ya chini injini imebanwa kona, na kwenye yale yaliyofungwa injini ya OM 457 ya lita 12 imelazwa ubavu chini ya viti. Turbo, ekzosi, mpira wa mafuta, paipu za haidroliki za feni na nyaya vyote vinaishi chumba kimoja chenye hewa haba. Mpira mmoja ukichubuka na kunyunyizia oili kama ukungu kwenye turbo iliyoiva, moto umeanza. Kwa hiyo osha chumba hicho kwa ratiba, si kinapoonekana kichafu. Badilisha mipira ya mafuta na ya haidroliki kwa umri, isisubiri kupasuka. Funga kila waya usiguse chuma chenye ncha. Rejeta ikiwa imezibwa na vumbi lililochanganyika na oili, feni huzunguka kwa kasi ya juu muda wote, haidroliki hupata moto, na mipira huzeeka haraka zaidi: ubovu mmoja unalisha mwingine. Na hakikisha basi lina mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe ndani ya chumba cha injini, wenye chupa iliyo ndani ya tarehe.

Umeme

eCitaro ilizinduliwa Hannover mwaka 2018, na Hamburg ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kulipokea. Bodi ni ileile, lakini ekseli ya nyuma ni ya ZF yenye mota mbili, moja kila gurudumu, kila moja ikifika kilowati 125. Difu halipo. Kwa mtu anayetaka sakafu tambarare nyuma, hii ndiyo suluhisho safi kuliko AV 133, kwa sababu katikati hakuna cha kukwepa.

Uzito ndio unaobana. Betri za mwanzo za kilowati-saa 243 zilifanya basi tupu likaribie tani 13.5, wakati la dizeli liko kama tani 11. Kiwanda chenyewe kilitaja kama kilomita 150 kwa chaji kwa betri hizo. Za baadaye zimeongezeka, 396 na kisha kufikia 588, kwa hiyo ukiambiwa "eCitaro ya mtumba" uliza kwanza ni betri ya kizazi gani, maana bodi hazitofautiani kwa macho. Hesabu kwa ukali: chukua asilimia 80 ya betri, gawanya kwa kilowati-saa 1.4 kwa kilomita ikiwa kuna kiyoyozi. 396 inakupa kama kilomita 226. Ya 243 inakupa 139, na basi la mjini linalofanya zamu mbili huzipita hizo kabla ya jioni. Betri iliyozeeka inapunguza tena.

Dizeli ya mita 12 hula lita 35 hadi 45 kwa kilomita 100 mjini, kutegemea foleni na kiyoyozi. Citaro hybrid ya 2017 isiwachanganye watu: ina mota ndogo ya kilowati 14 inayosaidia kuondoka, haiendi kwa umeme peke yake, na akiba iliyotangazwa ni hadi asilimia 8.5.

Njia ya Dar es Salaam

Mwendokasi ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ulikwepa swali lote la ekseli kwa kuinua kituo. Mabasi yake ya kwanza yalikuwa ya Golden Dragon kutoka China, sakafu iko juu, na abiria hutembea sawa kutoka jukwaani hadi ndani. Basi la hivyo ni rahisi kutengeneza: ekseli ya kawaida, tumbo liko mbali na mawe, viti vinapangika, na hakuna maboksi ya magurudumu yanayokula nafasi. Kwa njia iliyotengwa, ni mpango imara kuliko wa London.

Udhaifu wake ni kwamba basi limefungwa kwenye jukwaa. Likiharibika kati ya vituo, au njia ikifungwa na maji pale Jangwani, abiria wa kiti cha magurudumu hana pa kushukia, na mwenye miguu mizima anaruka. Nzima huweza kugeuzwa na kupelekwa mtaa wowote. Kwa hiyo mji wenye fedha za kujenga majukwaa na njia yake pekee uchukue sakafu ya juu. Mji unaochanganya mabasi na magari mengine kwenye barabara ileile uchukue sakafu ya chini na ujenge kingo.

Ukitaka kuleta ya mtumba Afrika Mashariki

Upande wa milango unaamua mwanzo. Citaro za Ujerumani na Ufaransa zina milango kulia, zinafaa Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania unahitaji za Uingereza, Singapore au nchi nyingine zinazoendesha kushoto. Kuhamisha milango kwenye gari la fremu moja ni ndoto. Usimsikilize anayekuambia inawezekana kwa bei nzuri.

Halafu mafuta. Injini za Euro V, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, kama OM 906 ya lita 6.4, zinatumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, lakini kwa kawaida hazina chujio la masizi la kuzibika. Zinazofuata, za Euro VI, zina chujio hilo na zinataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kipimo kilichoanza Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa 50. Kwa Kenya kuna fundo hapa: kanuni ya magari ya mtumba yanayoingizwa imekuwa kwamba yasizidi miaka minane, na Ulaya imesajili Euro VI tangu mwanzo wa 2014. Kwa hiyo Citaro yoyote ya Ulaya iliyo ndani ya umri ni Euro VI. Kabla ya kuagiza, pata kwa maandishi kipimo cha salfa cha mafuta unayonunua. AdBlue nayo ihesabiwe, kama lita 4 hadi 6 kwa kila lita 100 za dizeli, na itunzwe kwenye chombo safi; maji ya bomba ndani yake huua mfumo.

Matuta nayo. Citaro ya mita 12 ina pua ya karibu mita 2.8 mbele ya gurudumu la mbele na mkia wa mita 3.4 nyuma ya ekseli. Tumbo la katikati kwa kawaida hupita; pua ndiyo inayogonga gurudumu likishuka upande wa pili wa tuta, na mkia unafuata. Dereva anaweza kuinua springi kwa kitufe kwa mwendo mdogo, na afundishwe hivyo, lakini njia yenye matuta makali kila mita mia tatu si ya basi hili. Ipe nusu lenye chesisi, au basi la kawaida.

Siku ya kukagua, fika asubuhi kabla halijawashwa. Basi lililolala upande mmoja limepoteza upepo usiku: begi, valvu au paipu. Liwashe, jaza upepo hadi kompresa inyamaze, zima, andika namba za geji zote mbili, kaa nusu saa, uzisome tena kuona kama zimeshuka. Kisha liinamishe na kuliinua mara tano mfululizo; likichelewa kurudi mara ya tatu, kompresa imechoka au mkebe wa kukausha hewa umejaa maji. Fungua valvu ya tangi la upepo: maji yenye oili yakitoka, kompresa inapitisha oili. Ingia chini ukague fremu mbele ya ekseli ya nyuma na kuzunguka kila mlango, hasa kama gari limetoka nchi zinazomwaga chumvi barabarani. Panda ndani, kanyaga kwa kisigino sakafu iliyo karibu na mlango wa kati. Ikibonyea, mbao za chini zimeoza.

Mwisho leta kompyuta ya kusoma mifumo, ya Mercedes hasa. Milango, taa, kuinama na kufungwa kwa breki mlango ukiwa wazi vyote vinaongozwa na moduli zenye programu ya gari husika. Moduli ya gari jingine ukiichomeka tu bila kuandikwa upya, mlango wa kati unaweza kukataa kufunguka na basi likakataa kuondoka. Kama hakuna fundi mwenye kifaa hicho ndani ya siku moja ya safari kutoka depo yako, nunua Scania au chesisi nyingine ya nusu ambayo mwakilishi wake yuko mjini.